Alasiri ya Malengo: Waalike Marafiki, Mtengeneze Ubao Pamoja

Mwaka unapoelekea ukingoni, mialiko ya namna hii husambaa kwenye makundi ya WhatsApp katika miji yetu mikubwa: njoo kwangu Jumamosi, uje na magazeti ya zamani na mkasi, tutengeneze ubao wa malengo. Watu huketi mkekani, hukata picha, huzibandika kwenye manila, hunywa chai, na kila mmoja huondoka na ubao wake wa kutundika chumbani. Ni starehe ya gharama ndogo na njia nzuri ya kukaa na watu unaowapenda. Tatizo ni kwamba ubao wa aina hii mara nyingi hujaa vitu vinavyotamaniwa, yaani nyumba, gari, joho la mahafali na tiketi ya ndege, bila hata picha moja ya kazi itakayovileta. Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa alasiri hiyo ili ubao uendelee kumsaidia mwenyewe hata shamrashamra zikiisha.

Kwa nini picha ya kazi

Suala hili limechunguzwa. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanafunzi waliokuwa wakikaribia mtihani. Kundi moja liliombwa lijione akilini, dakika chache kila siku, likifurahia alama nzuri. Kundi jingine lilijiona limeketi, limefungua madaftari, linasoma. Hao wa pili ndio waliosoma zaidi na kufanya vizuri zaidi mtihani ulipofika.

Gabriele Oettingen, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha New York, amefuatilia jambo hilohilo kwa miaka mingi. Katika kitabu chake Rethinking Positive Thinking cha mwaka 2014 anaeleza kwamba ndoto tamu humtuliza mtu. Akili huonja ushindi kabla haujapatikana, na nguvu ya kuutafuta hupungua. Hawaambii watu waache kuota. Anachotaka ni kwamba ndoto ifuatwe papo hapo na swali gumu: ni kitu gani ndani yangu kitakachonizuia? Kisha uwekwe mpango wa kukikabili.

Mpango huo una namna yake ya kuandikwa, na anayejulikana zaidi kwa kuuchunguza ni Peter Gollwitzer. Huandikwa kwa sentensi moja yenye sehemu mbili: likitokea hili, nitafanya lile. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya tafiti 94, wakaona kwamba watu wenye sentensi ya namna hiyo hutimiza walichokusudia kuliko watu wenye nia peke yake. “Nitaweka akiba” ni nia. “Mshahara ukiingia, kabla sijaondoka kwa wakala, nahamisha shilingi 50,000 kwenye akaunti ya akiba” ni mpango. Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayostahili kubandikwa mahali pa kuonekana.

Wapo waandaaji wanaopenda kufungua shughuli kwa kisa cha wahitimu wa Yale wa mwaka 1953, eti asilimia 3 walioandika malengo yao walikuja kuwa na mali kuliko wale asilimia 97 wote kwa pamoja. Usikisimulie. Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Waliokwenda kuutafuta Yale hawakuukuta. Ukitaka mfano wa kweli, Gail Matthews wa Dominican University of California alilinganisha makundi kadhaa ya watu, na waliosonga mbele zaidi ni wale walioandika malengo, wakaandika na hatua, kisha wakamtumia rafiki taarifa kila wiki. Hapo ndipo ilipo faida ya kufanya jambo hili na marafiki badala ya kujifungia peke yako na mkasi.

Nani aje, na lini

Watano hadi wanane wanatosha. Kila mmoja anahitaji dakika kama kumi za kusikilizwa, na wakizidi wanane utalazimika kuwakatiza watu wakiwa ndio kwanza wanafunguka. Alika watu wanaoweza kuambiana ukweli bila kununiana. Kundi ambalo tayari mnacheza upatu pamoja, au mko pamoja kwenye kikoba au chama, linafaa sana kwa sababu mmekwisha kuzoea kuaminiana na kukutana kwa ratiba.

Januari ndiyo tarehe inayomjia kila mtu akilini, na ndiyo mbaya kuliko zote kwa mifuko yetu. Sare, madaftari na nauli za shule zinamsubiri mzazi, na mtu aliyebanwa hivyo huandika malengo ya hofu. Hakuna sababu ya kungoja Januari. Mwaka 2014 Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha kwamba watu huwa na ari ya kuanza upya katika siku yoyote inayoonekana kufungua kipindi kipya: mwanzo wa wiki, mwanzo wa mwezi, siku ya kuzaliwa. Sisi tunazo nyingi. Makunduchi, Unguja, mwaka mpya husherehekewa Julai kwa Mwaka Kogwa. Wengine huona wameanza upya baada ya Idi, wengine baada ya mavuno, wengine mtoto anapoanza shule. Chagua tarehe ambayo kundi lenu litakuwa limepumua.

Saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni ni muda mzuri. Mtafanya kazi kwa mwanga wa jua, kwa hiyo umeme ukikatika hamtakwama. Ulizia mapema ni nani atakuja na watoto, na umwombe binti mkubwa au jirani akae nao kwa malipo au kwa shukrani, maana mama anayemkimbiza mtoto mwenye mkasi mkononi hataandika lolote.

Vifaa

Kila mtu apate manila moja, au upande mmoja wa boksi gumu kutoka dukani. Boksi ni imara zaidi na halijikunji ukutani. Mikasi iwe angalau mmoja kwa watu wawili. Ongeza rula, penseli, maka peni za rangi, daftari moja la kuchana kurasa, na mawe madogo au vikombe vizito vya kukandamizia karatasi, kwa sababu pangaboi likiwashwa vipande vyote vitaruka hadi chini ya makochi. Magazeti ya zamani, kalenda za mwaka uliopita na vipeperushi vya matangazo kila mtu aje navyo.

Mpitie pia fundi cherehani wa mtaani siku mbili kabla, umwombe mabaki ya vitenge na kanga. Wengi huyatupa. Kitambaa huleta uhai ambao picha za magazeti hazina, lakini kina usumbufu wake: ukikikata kikavu nyuzi huchomoka. Paka nyuma ya kitambaa gundi nyeupe ya mbao iliyolainishwa kwa maji kidogo, kiache kikauke kabisa, ndipo ukikate umbo unalotaka. Ukingo utabaki safi.

Gundi ya kubandikia karatasi unaweza kuipika mwenyewe. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Mimina mchanganyiko huo polepole kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka, punguza moto, endelea kukoroga dakika tatu hadi tano mpaka uwe mzito wa kupakika kwa brashi. Tia kijiko cha chumvi ili usichache haraka, uache upoe. Unatosha kundi zima na pesa yake ni ndogo. Ila unga huvutia mende na panya, kwa hiyo ubao utakaokaa ukutani mwaka mzima ni bora upakwe gundi nyeupe, na hii ya unga iachwe kwa kazi ya watoto. Gundi yoyote mtakayotumia, ipakeni nyembamba; ikiwa nzito manila huloa na kupinda. Ubao uliomalizika ulazwe chini ya vitabu vizito usiku kucha kabla ya kutundikwa.

Kalamu kwanza, mkasi baadaye

Wenyeji wengi humwaga magazeti katikati ya mkeka mara tu wageni wanapofika. Naliona hilo kuwa ndilo jambo linaloharibu shughuli nzima. Magazeti na vipeperushi vimejaa matangazo, na mtu anayeanza kwa kupekua kurasa hujikuta anachagua lengo kwa sababu picha yake imepatikana. Simu mpya ina picha mia. Kumaliza deni la dukani hakuna picha hata moja, wala kupatana na ndugu mliyekosana naye, wala kwenda kupima shinikizo la damu kila baada ya miezi mitatu. Hayo ndiyo hubaki nje ya ubao, na huenda ndiyo mtu anayoyahitaji zaidi.

Kwa hiyo anzeni kwa kula. Bajia, kachori, vitumbua na juisi ya ukwaju viliwe chumba kingine au barazani, mikono ioshwe kwa sabuni, ndipo watu wahamie kwenye karatasi. Doa la mafuta kwenye manila halitoki. Kisha toa nusu saa ya kimya. Simu ziwekwe kwenye kapu. Kila mtu aandike kwenye karatasi ya daftari mambo matatu anayotaka yawe yamebadilika maishani mwake mwaka ukiisha, halafu akate mawili abaki na moja. Watalalamika. Wasisitizie. Ubao wenye malengo kumi na mawili haumwelekezi mtu popote, na lengo moja lililofanyiwa kazi humpa mtu imani ya kuanza la pili.

Baada ya hapo kaeni wawili wawili kwa nusu saa nyingine. Mmoja anasema lengo, mwenzake hatoi ushauri, anauliza tu. Chukua mfano wa dada anayeshona nguo nyumbani:

“Nataka cherehani ya pili, niajiri msichana wa kunisaidia.”

“Utaiweka wapi, shoga?”

“Hapo sebuleni.”

“Na hiyo ya kwanza iko wapi?”

“Hapohapo sebuleni.”

“Wateja wakija kupimwa wanakaa wapi?”

Maswali matatu, na lengo limebadilika. Anachohitaji kwanza ni fremu ya duka, na kikwazo chake ni kodi ya miezi sita inayotakiwa kulipwa kwa mkupuo. Cherehani inaweza kungoja. Kama angeanza na mkasi, angebandika picha ya cherehani na kwenda nayo nyumbani.

Swali la mwisho katika mazungumzo hayo liwe lile la Oettingen: ndani yako wewe, ni nini kitakukwamisha? Dada wetu akijibu kwa uaminifu atasema kwamba anaona haya kuwadai wateja, hivyo nguo hutoka kabla ya pesa kuingia. Basi sentensi yake ni hii: “Mteja akija kuchukua nguo, namwonyesha daftari la malipo kabla sijaitoa nguo kwenye mfuko.”

Kupanga ubao

Sasa magazeti yamwagwe. Watu watayapekua wakijua wanachotafuta, na kilichokosekana watakichora wenyewe. Mchoro mbaya wa mkono wako mwenyewe una maana kubwa kuliko picha nzuri ya tangazo la benki.

Mpango wa ubao ninaoupenda kuliko mingine ni ule unaofuata kanga. Katikati, kwenye mji, weka picha moja ya lengo, tena isiwe kubwa. Kuzunguka pande zote nne, kwenye pindo, bandika picha za kazi: daftari la malipo, mita ya kupimia, saa ya ukutani inayoonyesha saa kumi na moja alfajiri, vocha, mlango wa ofisi ya serikali ya mtaa, chochote ambacho mikono na miguu yako itakutana nacho wiki ijayo. Chini ya picha ya katikati, mahali pa jina la kanga, andika ile sentensi ya mpango kwa herufi kubwa zinazosomeka ukiwa kitandani. Pindo ndilo lichukue nafasi kubwa. Mtu akiutazama ubao asubuhi, jicho lake likutane kwanza na kitu cha kufanya.

Kwa malengo ya fedha, ongezeni ukuta wa tofali, nao ni mzuri sana kwa sababu ubao unabadilika kadiri miezi inavyokwenda. Tuendelee na dada wa cherehani. Tuseme fremu aliyoiona ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni shilingi 600,000. Achore ukuta wa tofali 30, safu sita za tofali tano. Kila tofali ni shilingi 20,000, kwa hiyo kila safu ni shilingi 100,000, na safu moja ni kazi ya mwezi mmoja. Tofali likiwa na upana wa sentimeta 6 na kimo cha sentimeta 3, kila safu itakuwa na upana wa sentimeta 30 na ukuta mzima kimo cha 18, unaenea kwenye kona ya manila. Tofali za safu ya pili zisogezwe nusu, zikae juu ya viungo vya safu ya kwanza, vile mwashi anavyojenga. Kila anapoweka shilingi 20,000 anabandika kipande cha kitenge juu ya tofali moja, kuanzia chini. Mabaki ya kitenge yawekwe kwenye bahasha iliyobandikwa nyuma ya ubao ili yasipotee.

Lakini asijiwekee miezi sita kamili. Binadamu hukadiria muda vibaya, na mara nyingi upande mmoja: tunaona kazi itakwisha mapema. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake huko Kanada walieleza kuhusu wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao; kwa wastani walikadiria kumaliza kwa siku 34, wakatumia zaidi ya siku 55. Dada wetu apange miezi minane, akijua kwamba kuna mwezi wa shule kufunguliwa na mwezi ambao msiba au ugonjwa utaingia bila hodi. Miezi hiyo miwili iandikwe pembeni ya ukuta tangu mwanzo, ili ikifika asijione ameshindwa.

Lengo lisilo la fedha nalo linaweza kupata tofali zake. Anayesomea mtihani abandike tofali kwa kila sura aliyomaliza pamoja na maswali yake. Anayetembea kwa ajili ya afya, tofali kwa kila wiki aliyotembea siku tano. Pimeni kile ambacho mtu anakitawala mwenyewe. Kilo mwilini hupanda na kushuka kwa sababu nyingi. Kutoka nje na kutembea kuko mikononi mwako.

Siri na adabu

Yapo malengo ambayo mtu hawezi kuyabandika ukutani. Anataka kuacha kazi, na bosi wake ni binamu ya mume wake. Anatafuta mtoto. Anadaiwa. Anataka kuondoka kwenye ndoa inayomuumiza. Yapo pia malengo ya kawaida kabisa ambayo mtu huyaficha kwa kuogopa kijicho, na mwenyeji hana haja ya kubishana naye kuhusu hilo. Weka kopo la vifungo, shanga na vipande vya kanga katikati ya mkeka, useme mapema kwamba yeyote anaweza kuchagua alama badala ya picha, na hataulizwa. Kifungo chekundu katikati ya ubao kinatosha, mwenyewe anajua.

Tangaza kanuni nyingine mbili kabla ya kuanza. Hakuna kupiga picha ubao wa mwenzio wala kuuweka kwenye WhatsApp. Na hakuna maswali ya “utaolewa lini” au “utazaa lini”. Asiyeyataja hayo mwenyewe aachwe. Wageni wenye imani zao watataka kusema inshallah au kuanza kwa sala, nao wapewe nafasi. Kwa watu wengi wa kwetu kumtanguliza Mungu ni sehemu ya kupanga, na shughuli hii haihitaji nadharia ya kwamba ulimwengu utakuletea chochote unachokitazama sana.

Kusimuliana na kufuatana

Saa kumi na nusu mwiteni kila mtu, asimame na ubao wake kwa dakika kumi. Asome sentensi yake, aseme hatua atakayoichukua kabla ya Jumamosi inayofuata, na siku na saa atakayoifanya. Anayetumia alama aseme hatua tu. Wanaosikiliza waseme ni msaada gani wanaoweza kutoa: mmoja ana shangazi mwenye fremu, mwingine anajua fomu inapatikana dirisha lipi. Andikeni ahadi hizo kwenye karatasi moja, mwenyeji abaki nayo.

Kabla watu hawajavaa viatu, gawanyikeni tena wawili wawili. Kila jozi ichague siku moja ya wiki ya kutumiana ujumbe mfupi wenye mambo mawili: nimefanya nini, wiki ijayo nafanya nini. Ujumbe wa sauti wa dakika moja unatosha. Anayekaa kimya wiki mbili apigiwe simu, na simu hiyo ianze kwa kumuuliza hali yake, kwa sababu mara nyingi kimya kina sababu nyumbani.

Mkutane wote tena baada ya mwezi, kwa zamu, nyumba kwa nyumba, kila mtu akiwa na ubao wake. Mkutano huo wa pili ndio wa kulindwa kuliko hata ule wa kwanza, kwa hiyo tarehe yake iwekwe siku ileile ya kutengeneza ubao na kila mtu aiandike. Angalieni tofali ngapi zimebandikwa. Ukuta ambao haujasogea mikutano miwili mfululizo uwekwe katikati ya mkeka na kundi limsaidie mwenyewe kutafuta kilichoufunga: pengine tofali la shilingi 20,000 ni zito na lingegawanywa mara nne, pengine kikwazo alichoandika sicho, pengine lengo lenyewe lilikuwa la mtu mwingine. Kikipatikana, abandue kinachotakiwa kubanduliwa, abandike kipya palepale, na sentensi mpya iandikwe juu ya karatasi safi inayofunika ile ya zamani.